Binamu wa Ukuta

Tima karudi kutoka Nyali akichechemea,
muundini mistari mitatu myekundu
kama aliyelalia mkeka wa moto.
"Konyeza," asema. Mamake: "Siki i wapi?"

Aliyempa jina hilo alipenda mzaha.
Atakonyezaje asiye na ukope?
Hana ubongo, hana moyo, hana damu;
mdomo wake ndio mlango wa mbele
na ndio mlango wa uani.
Yuko nduguye, umbo la sanduku,
ana macho ishirini na manne,
na sijui anayoyaona humwambia nani.

Bali uzi wake mmoja ni ghala la vyusa,
kila chusa kimekunjwa kidongeni,
kinangoja kuguswa tu.

Wiki hiyo Fundi Mwinyihaji
alikuwa amebambua lipu ya chumba cha nyuma,
chumvi imeila, imekuwa unga.
Jiwe la Kibokoni liko uchi:
vishimo, vishimo, kila kimoja na miale yake,
kama chuma cha vitumbua
kilichofuliwa kwa ajili ya sisimizi.

Hapa aliishi mtu, namwambia Tima.
Naam, mnyama. Mikono juu, akidaka kipitacho,
akijijengea chokaa chini ya makalio.
Akafa. Mwanawe akajenga juu ya paa
bila kuomba kibali cha kaunti.
Walio hai, huko mwambani, wana wapangaji:
mwani ndani ya ngozi, kodi yake sukari.
Mwaka wa tisini na nane maji yalipopata homa
wapangaji wakatoka,
nyumba zikabaki nyeupe, sanda mpaka upeo.

Sasa mpindue mjenzi huyu.
Mng'oe, mdomo uelekee chini,
mnyweshe maji mpaka avimbe, mwachilie:
ndiye huyo aliyekuchapa.
Na kule Tudor, matopeni mwa mikoko,
kuna konyeza alalaye chali mchana kutwa
akiota jua, naye ana mwani wake,
kama aliyesahau
kama yeye ni wa kuelea au wa kukaa.

Tima hajibu.
Ameuegemeza muundi ukutani.
"Baridi," asema.

Fundi yuwaja na ndoo ya chokaa.
"Sogea, mwanangu, nipake."
"Ngoja."
Kidole chake kiko kwenye kishimo
cha mia na kumi na saba,
na jiwe ni lilelile la kwanza.