Robo Mzunguko

Kibanda changu kipo Wete, mteremko wa kwendea bandarini,
baina ya mshona viatu na muuza mafuta ya taa.
Miaka thelathini na moja nanyoosha vyuma.
Chuma nakijua. Kikichoka hulalama:
hupinda, hutoa kutu, hulia kwi kwi,
hukupa muhula.

Asaa akaja na yake ya mtumba, imeshuka na kontena,
nyeusi tititi, nikaiinua kwa kidole cha shahada.
"Kaboni hii, Fundi Shaame. Nyuzi na gundi."
Nikacheka. Nyuzi na gundi, basi tiara hiyo!

Usukani ulikuwa unacheza. Nikatia spana.
"Taratibu," kasema, "pameandikwa hapo: tano."
Tano nini? Maandishi kama sisimizi,
na miwani nimeiacha nyumbani.
Nikaongeza robo mzunguko,
robo yangu, ya heshima,
hakuna baiskeli iliyotoka hapa bila nayo.

Ndani pakasema tik.
Kama konyo la karafuu likikatika.
Nilisikia.
Leo nasema: nilisikia.
Nikapokea elfu mbili yangu, nikapangusa mikono.

Wiki mbili, kimya. Rangi inang'aa.
Hapana ufa wa kuziba,
wala ukuta wa kujenga.
Kapanda nayo Limbani, kashuka nayo Limbani,
anawapita wenye pikipiki, anawapungia.

Jumapili, mteremko wa Mzambarauni,
usukani ukakatika kama muwa.
Haukupinda. Haukulia.
Mkono wa kulia ukabaki na kipande,
umekikamata vile vile, hauna habari.
Meno mawili. Mfupa wa bega.

Mamake, Bi Time, kaniambia: "Kazi ya Mungu."
Laiti angenitukana.

Kipande nimekitundika juu ya pampu,
nyuzi zimechomoza kama ndevu za beberu.
Wakinileta nyeusi sasa, naigonga kwa sarafu
inchi kwa inchi, sikio nimeliinamisha:
ti, ti, ti, ti,
nikisikia dub, naweka sarafu mfukoni.
Wapo wanaokasirika. Fundi kazeeka, anaogopa vipya.
Sawa.

Jana Asaa kaja na Foniksi ya marehemu babu yake,
usukani unacheza.
Nikatia spana. Mkono ukafika penye robo,
ukasimama.
Akanitazama, akacheka kwa pengo lake:
"Hii chuma, fundi.
Kaza."