Futi Shingoni

Ninian Hislop aliingia dukani kwangu, Selkirk,
ana miaka kumi na saba, mvua inamchuruzika,
mama yake nyuma anamsukuma kama gunia.
Shati la usaili, kiwanda cha sufu.
Nikazungusha futi: inchi kumi na tano na nusu.
Nikaandika. Mimi huandika kila shingo.

Mwaka uliofuata, kumi na saba.
"Unalishwa nini?" "Skramu," akanijibu,
na kweli, kila Jumamosi kule bondeni
walimsokomeza katikati ya safu ya mbele,
mikono imetundikwa mabegani mwa wenzake,
mguu unaupapasa mpira kwenye tope,
kichwa kinatafuta pa kupenya
kati ya vichwa vya watu wa Hawick
ambao, tusifichane, hawakuja kucheza.

Kumi na nane.
Kumi na tisa na robo, mwaka wa harusi.
Effie akacheka: "Unapima shati au unapima gogo?"
Masikio nayo yalikwisha kujikunja
kama uyoga ulioota gizani.
Sikuyapima. Kila fundi ana mipaka yake.

Raga ya siku zile haikuwa na mshahara.
Jumatatu alirudi kuziba mabomba ya watu,
jicho moja limevimba, anaulizwa matokeo
na wenye nyumba waliokuwepo uwanjani.

Kisha Edinburgh ikamwita. Kukaa benchi.
Misimu minne, mechi kumi na tatu, koti magotini,
na sheria ya wakati huo ilikuwa moja:
huingii mpaka mwenzako aumie.
Mbele yake alikuwa Archie Veitch wa Kelso,
mtu wa chuma, mkarimu, aliyemgawia chungwa lake
kila mapumziko.
Sasa aombe nini mtu wa benchi?
Akiomba nafasi, ameomba mbavu za rafiki.

Mbavu zilivunjika siku ya Wafaransa.
Nilifunga duka. Mji mzima ulifunga.
Dakika kumi na moja: skramu tatu,
mpira mmoja wa kurusha pembeni, ukaenda upogo,
filimbi, basi.
Hiyo ndiyo Uskoti yake yote.

Wakampa kofia ya mahameli ya buluu, ina kishada.
Akaniletea imefungwa kwenye gazeti.
Inambana. Hawakumpima!
Nikafumua mshono wa nyuma, nikatia kipande,
buluu yangu haikufanana na buluu yao.
Hakuna anayejua ila sisi wawili, na sasa wewe.

Baadaye pingili ya shingo ilihama mahali pake.
Daktari akasema neno refu, Ninian akasema "haya".
Kumi na nane. Kumi na saba na nusu.
Nyama huondoka bila kuaga.

Jana alikuja peke yake, fimbo mkononi,
anataka shati jeupe la kwenda Kelso.
Veitch amefariki.
Nikamzungushia futi; kidole changu kizima
kikapita kati ya utepe na ngozi.
Akaangalia kioo, si mimi.
"Niliomba, unajua," akasema.
"Siku ile. Niliomba."

Nilikuwa na pini mdomoni.
Ningeweza kuzitoa.
Kumi na sita, nikaandika,
nikamuuliza kama anataka vifungo vya mfupa
au vile vya kawaida.