Penseli Ukutani

Jumapili, kabla ya kengele za kanisa,
tulifunga barabara kwa utepe mwekundu
na winchi ikanyoosha shingo juu ya Łódź.
Tani nne za bati na shaba
zikapaa, zikizungukazunguka,
kama ng'ombe asiyeamini kuwa anaruka.
Kordian, mwanafunzi wangu, alishika kamba
kwa mikono miwili, ulimi nje.
"Polepole," nikasema redioni. "Polepole. Hapo."
Mashine ikakaa juu ya paa
la kiwanda kilichofuma shuka miaka mia
na sasa kimejaa wahasibu, mawakala wa bima,
daktari mmoja wa meno,
na orofa ya tano, shule ya kucheza tango.

Kipya kinyemi. Meneja alipiga picha.
Bili itashuka nusu, alisema, moshi utakoma,
hewa itachujwa mara nne kwa saa.
Sikumbishia; ni kweli.
Pampu hii huchuma joto ndani ya baridi yenyewe,
hata theluji ikiwa imefika magotini
hudonoa chembe usizozidhania,
kama mtu achaguaye mchele uliojaa chuya.
Na kiangazi hugeuza kibao: joto la ndani hulitupa nje.

Jumatatu kazi ilikuwa chini.
Ngazi thelathini na mbili hadi chumba cha boila,
harufu ya masizi na chai iliyolala.
Lilizimwa Ijumaa, lakini ubavuni
bado lilikuwa na vuguvugu,
kama kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi.

Bwana Gerwazy alikuwa kando, amevaa suti.
Suti! Ya kahawia, yenye mstari wa pasi.
Miaka thelathini na mmoja na koleo lile,
na leo suti.
"Mazishini mtu haendi na ovaroli," alisema.
Hatukujua kama tucheke.

Nilipoanza kufungua vali nikaona maandishi,
penseli juu ya chokaa, kando ya kila bomba:

*14. Halszka. Miguu. Ongeza robo, Novemba hadi Machi.*
*31. Hupenda dirisha wazi. Mwache.*
*9. Huja saa kumi na mbili asubuhi tangu mumewe afe. Washa mapema.*
*22. Mjamzito, usizidishe.*
Na chini yake, kwa penseli nyingine: *Mvulana. Rudisha.*

Bomba la 17 lilikuwa na doa la kijivu tu,
pameandikwa, pakafutwa, pakaandikwa, pakafutwa.
"Huyu nani?" Kordian akauliza.
Mzee alitazama koleo.
"Alihama," akasema. "Chumba kile sikuwahi kukipatia."

Mfumo wetu una vihisi mia mbili na sita.
Hupima unyevu, hupima hata pumzi za watu,
hujua chumbani mna watu kumi na wawili.
Nani, haujui.

Akagusa bomba jipya kwa kiganja, mazoea.
"Hii hailii," alisema. "Utajuaje ikiumwa?"
"Hunitumia ujumbe."
"Ujumbe," akarudia,
kama anayeonja mchuzi wa jirani.

Usiku nilibaki peke yangu na skrini.
Mkataba unasema nyuzi ishirini na moja,
vyumba vyote, bila upendeleo.
Kordian alikuwa amepiga picha ukuta mzima
kabla wapaka rangi hawajafika,
sikumwagiza.
Nikaifungua simu, nikaiegemeza kwenye kikombe.

Chumba 9: anza saa kumi na moja na nusu.
Chumba 31: kihisi cha dirisha, kisipige kelele.
Chumba 14: nyuzi ishirini na mbili na nusu.
Kisanduku kikafunguka, kinamulika:
*Sababu ya mabadiliko?*
Nikaandika: *Miguu.*
Kikafikiri kidogo. Kikakubali.

Mshale ukateremka hadi 17.
Nilikaa nao pale muda mrefu,
juu ya kichwa changu feni zikizunguka bila sauti,
nami sikujua niandike nini.