Unampa Nani?

Kabla ya vipimo, kabla ya bei,
Feruzi aliuliza hilo.
Mteja kasimama mlangoni pale Kanyenye,
anataka saa ya ukutani, ya mninga, ya kesho kutwa,
na Feruzi anafuta miwani kwa ncha ya msuli:
"Unampa nani?
Mikono yake inafanya kazi gani?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Nimefeli hesabu, nimefaulu kuchora,
na Tabora nzima sikumjua mtu anayenunua picha.
Walinunua zawadi.
Basi nikachora zawadi:
sahani za arusi, majina mawili na ua katikati,
vibweta vya pete, fimbo za wastaafu,
lebo za asali ya Sikonge, nyuki wangu wanene kama kuku
(mama mwenye asali alicheka, akazichukua zote).

Kalamu yangu ilikuwa msumari wa inchi nne
uliokaa kwenye makaa hadi ukawa mwekundu.
Na moshi wa mninga, nani atanirudishia moshi ule?
Mtamu kidogo, mchungu kidogo,
ukiganda kwenye kitenge hadi nyumbani,
mama ananinusa begani:
"Leo umechoma jina la nani?"

Mashine za saa zilitoka Dar kwa treni,
zimeviringishwa magazeti ya wiki iliyopita.
Tulisoma habari kuukuu huku tukifunga mishale.
Treni ikichelewa, zawadi nazo zilichelewa;
yupo bibi arusi wa Isevya aliyepokea
ramani ya Tanzania yenye tundu pale Manyoni,
na ahadi.

Halafu Mzee Kashindye.
Miaka thelathini na mmoja ya kupunga bendera stesheni.
Wenzake wamechanga, jina wameniandikia
nyuma ya tiketi.
"Mnampa nani?"
"Mtu ambaye hajawahi kuchelewa."
Nikachonga injini, nikachonga mabehewa matatu,
moshi wake nikaufanya maandishi:

     Kazi umeimaliza, bendera ikunje sasa,
     njia ulotuongoza, sisi hatutaitosa.

Na chini, kwa herufi kubwa, KASHINDE.
Nimeiruka y.
Feruzi aliiona usiku, mbao imeshaungua.
Mbao haina kifutio.
Hakunigombeza. Alipaka vanishi juu ya kosa langu,
polepole, mikono miwili, kama anampaka mtoto mafuta.

Siku hizi kazi zangu huning'inia kwenye kuta nyeupe.
Watu huzitazama glasi mkononi,
huuliza urefu, upana, bei,
huuliza nilikusudia nini.
Hakuna anayeuliza nampa nani.
Usiku, mbele ya turubai tupu,
najiuliza mwenyewe kwa sauti ya Feruzi,
na mara nyingi sina jibu.
Naosha brashi, nalala.

Mwaka jana nilirudi.
Nikasikia kuna msiba Cheyo, nikasikia jina,
nikafuata turubai la njano hadi uani.
Wakaniingiza ndani na wanawake, mkekani.
Juu ya kabati: injini yangu, mabehewa yangu,
vanishi imekuwa rangi ya chai ya mkandaa,
saa iko nyuma dakika saba.

Mjane akayafuata macho yangu. Hakunijua.
"Hiyo aliipenda. Fundi mmoja alitaka kuirekebisha,
akamfukuza na patasi yake."
Kisha akaita nje.
Akaja mtoto wa darasa la pili, magoti vumbi tupu,
daftari kwapani.
"Huyu ndiye wajina wake.
Siku ya kumwandikisha shule, mwalimu akauliza jina linaandikwaje,
tukaja tukanakili hapo ukutani."

Nikaomba kuliona daftari.
Kwenye jalada, kwa penseli iliyobonyezwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka,
herufi nane.
Nikazihesabu mara mbili, kwa kidole,
kama mtu asiyejua kusoma.