Mtu Hujikuna Ajipatapo

Jina langu Sikujua, lakini vichwa navijua.
Nipe kichwa dakika tano
kitanieleza kimelalia nini, kimepakwa nini,
na kama kilifungwa kilemba kingali kibichi
kikavunda humo siku tatu.

Banda langu lipo Mwananyamala,
nyuma ya duka la vipuri vya bajaji:
ndoo mbili, kiti cha kuzunguka kisichozunguka tena,
na kioo chenye ufa
unaomkata kila mteja shingoni.

Jumanne, saa saba, jua la Februari,
akaingia Tumpale, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo,
wigi limemkaa kama kofia ya askari
na mfuniko wa kalamu umezama chini ya wigi,
unakuna,
unakuna,
huku mdomo unaongea mambo mengine.

"Nisuke za kubana. Ijumaa nina sendofu ya mdogo wangu."
"Vua kwanza."
"Hamna cha kuona humo, dada."
Nikashusha pazia.

Akavua kwa mikono miwili, taratibu,
kama mtu anayeepua sufuria ya moto.

Mba umeshikana, si wa kupeperuka,
umeganda kama ukoko pembeni mwa chungu.
Panapo paji, nywele zimerudi nyuma,
zimekimbia miaka ya kuvutwa.
Juu ya utosi, alama mbili za dawa
iliyoachwa kichwani hadi ikaunguza,
maana tuliambiwa: vumilia, ndiyo inalainika.

Akanihesabia tiba. Jirani alisema limau.
Shemeji, majivu. Mmoja wa sokoni
alisema mafuta ya taa, Mungu amsamehe.
Mtu hujikuna ajipatapo,
ila hapa juu hata anayepafikia hapaoni.

Maji ya kisima chetu yana chumvi,
sabuni ikiingia inanuna, povu halitoki.
Nilikuwa na dumu moja la maji ya bomba
nimeliweka kwa ajili ya chai.
Nikalipasha. Chai ingesubiri.

Si kucha. Nyama za vidole.
Kucha huchimba, nyama ya kidole huuliza.
Nikauliza kisogoni, nikauliza nyuma ya masikio,
nikapita polepole penye makovu
kama upitavyo nyumba yenye mgonjwa.
Wanasema kichwa ni shamba. Sikubali.
Shamba halifumbi macho likakwambia:
hapo, hapohapo.

Suuza. Suuza tena. Sabuni inayobaki
ndiyo mba wa wiki ijayo.

Kisha nikamwambia, "Leo sisuki."
Elfu thelathini na tano ikatoka mlangoni,
niliiona ikienda.
"Kikauke. Kipumue mwezi mzima.
Osha kila Jumamosi, hata siku ukiwa na rasta.
Mafuta kidogo, kwenye nywele,
usiupake utosi kama unakaanga kitu;
jasho la mji huu linatosha.
Kitana chako kiwe chako.
Na hili duara nyuma ya sikio si kazi yangu:
kesho asubuhi nenda hospitali, wakalitazame."

"Na sendofu?"
"Kitenge unauza wewe. Jifunge kilemba,
kilegeze."

Akacheka, machozi yakiwa karibu,
au ni maji tu, sikuuliza.
Akajipangusa, akanitazama kiooni,
ufa ukipita kati yetu.
"Na wewe je? Hicho kilemba chako
tangu Krismasi sijaona kikivuliwa."

Nikasema mambo ya wateja. Nikasema maji.
Nikataja watoto, nikataja umeme.
Kinyozi hajinyoi, nikasema, nikacheka peke yangu.

Tumpale alishakunja mikono ya blauzi.
Dumu lilikuwa na robo. Akalipima kwa kulitikisa.

Nikakaa kwenye kiti kisichozunguka,
shingo nikailaza ukingoni mwa beseni,
miaka kumi na mmoja nakiuza kiti hiki
sikuwa najua dari lina picha ya ndege
iliyochorwa na uvujaji wa mvua.

"Hapa?" akauliza.

"Kushoto kidogo."