Kopo la Mama Nyamizi

Mwalimu Magesa aliandika ubaoni:
Hakuna kuingiza daftarini bila hati.
Akafuta chaki kwenye suruali, akasema
kesho kila mtu alete karatasi ya kwao,
ya kweli, si ya kitabuni.

Sisi wa kidato cha pili, Kirumba,
tulijua karatasi zina kazi nyingine:
kufungia karanga, kuwashia jiko,
kuziba dirisha upepo wa ziwa ukianza.

Nikaleta kopo.
La maziwa ya unga, mfuniko una kutu,
na lilipofunguka darasa zima likasogea nyuma:
dagaa.
Miaka minne ya Mwaloni ilikuwa imelala humo.

Mwalimu hakuziba pua. Alivuta kiti.
Hii, akasema, ni ankara. Inadai.
Haijashika hata senti, inasema tu
umechukua magunia kumi na mawili, nakusubiri.
Hii ni stakabadhi. Inakiri. Pesa imeshaiona.
Msichanganye anayedai na anayekiri;
wengi wamefeli mtihani hapo,
na mjomba wangu alifeli duka.

Hii ya wino mwekundu ni hati ya marejesho:
magunia mawili yalinyeshewa njiani kwenda Kahama,
mnunuzi kayarudisha, deni lake likapungua.

Nikaikumbuka ile wiki.
Tulikula dagaa wachungu asubuhi na jioni.
Sikujua kwamba shida yetu ina jina,
na namba 0047 kwenye pembe.

Kisha akatoa ile ndefu, ya mashine,
yenye kila kitu kinachotakiwa, tarehe, jina, kodi.
Ilikuwa navyo.
Joto la jiko lilikuwa limeilamba
ikabaki nyeupe, kama sahani iliyopitiwa na paka.
Aliigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena.
Hakusema kitu. Akaikunja vizuri tu.

Chini kabisa, kipande cha pakiti ya sigara,
kalamu imekandamizwa hadi karibu kutoboa:
*Nimechukua gunia 3. Nitalipa giza lijalo. Lushinge.*

Darasa likacheka. Giza!
Ndalahwa, mwenye kalamu nne mfukoni, akanyoosha mkono:
haina tarehe, mwalimu, haina namba, haina bei.
Kweli. Mwalimu akaiweka pembeni mwa meza, peke yake,
kule kwa zisizokwenda daftarini.

Jioni nikamweleza mama. Alikuwa anapepeta,
hakuinua kichwa.
"Giza lina tarehe," akasema.
"Mbalamwezi ikijaa mitumbwi hulala nchi kavu.
Lushinge alichukua siku ya pili
tangu taa zianze tena kuwaka upande wa Igombe,
mwaka ule kaka yako alipougua surua.
Bei ni elfu themanini gunia. Aliniuliza mara mbili."

Kalenda ya mwaka ule hatukuitupa,
imefunika daftari langu la jiografia.
Nikaitafuta kwa kidole, kwenye vile viduara vya mwezi,
chini ya doa la uji:
Alhamisi, tarehe tisa.

Nikaweka karatasi ya kaboni katikati ya mbili,
nikaandika kama tulivyofundishwa, jina, tarehe,
magunia matatu, mara elfu themanini, jumla.
Nikamkuta Lushinge kwenye mawe anashona nyavu.
Akaisoma polepole, midomo inacheza.
Alipofika kwenye tarehe akatazama ziwa,
akahesabu kitu kimoyomoyo,
akatikisa kichwa kukubali.

Hakuwa na pesa.
Alikuwa na kalamu.

Yake akaikunja ndani ya kofia.
Yetu nikairudisha kwenye kopo,
na kopo nikalihamisha mbali na jiko.
Vidole vyangu vilibaki bluu hadi Jumapili.