Vipande vya Dakika Sita

Huku Chicago saa hukatwa vipande kumi,
kila kipande dakika sita, kila kipande na bei yake.
Halina Wojtas anavipanga kwenye jedwali:
kusoma mkataba, vitatu. Kuhamisha koma, kimoja.
Kwenda msalani hakuna safu.

Ghorofa ya arobaini na moja, saa tisa usiku,
Rigoberto wa usafi anainua kikapu
kilichojaa makopo ya tambi zilizoganda.
"Umewahi kufika, au hukuondoka?"
Anacheka.
Halina anajaribu kukumbuka.

Saa elfu mbili na mia nne kwa mwaka, walimwambia,
ukizidisha, bonasi.
Mkopo wa chuo nao haulali.
Dawa ya deni kulipa, sawa,
ila dozi hakutajiwa.

Jumapili mama alipiga simu toka Milwaukee:
theluji imevunja mtufaha,
baba yako kaanza tena kukohoa, hataki daktari.
Halina akaitika, eeh mama, eeh,
na vidole vikaandika vyenyewe:
mazungumzo na mama, vipande viwili.

Kompyuta ikakataa, mstari mwekundu:
jaza namba ya mteja.

Akaukodolea macho
hadi kikapita kingine.